Maji Yaliyotukuta Matangani

Mahali ninapofanya kazi, huku Himbi, mjini Goma, kuna siterne kubwa ya simenti ya kuwekea maji, iliyochimbiwa chini ya ua. Mara moja moja fundi huja kuiosha. Akiinua kile kifuniko cha chuma, hupanda harufu ya maji yaliyokaa gizani, baridi, yenye udongo na ukungu ndani yake, na wenzangu hukunja pua na kufunga madirisha. Mimi langu siligusi. Harufu hiyo naijua tangu nina miaka tisa, na sikukutana nayo ndani ya siterne. Nilikutana nayo ndani ya nyumba yetu kijijini, karibu na Kalengera, katika chumba ambamo tulimlilia babu yangu.

Tulimwita Muzee, sisi na kijiji kizima. Mama yangu hakuwahi kulitamka jina lake hata mara moja, maana kwa watu wetu mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Na jina la Muzee, kwa bahati mbaya, lilikuwa na neno la Kinyarwanda la jiwe ndani yake. Basi mama aliishi miaka yote ile, katika nchi iliyojaa mawe ya volkano, bila kuyataja mawe. Aliyaita "zile ngumu". "Esperanse," angeniambia, "leta zile ngumu tatu tupike." Sisi watoto tulicheka mpaka tukajificha nyuma ya nyumba.

Muzee alikuwa amejenga bondeni, upande wa chini wa barabara kubwa, kwa sababu ya udongo. Ulikuwa mweusi, laini, na chochote ulichokipanda kiliota kama kilikuwa kinakusubiri. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na mabati juu, na sakafu yake ilikuwa ya udongo ambao mama aliupaka samadi ya ng'ombe kila Jumamosi. Mto haukuwepo karibu. Maji tuliyachota kwenye chemchemi ng'ambo ya kilima, iliyotoka chini ya mawe meusi, na tulirudi shingo zikiuma. Mtu angekuambia wakati ule kwamba nyumba yetu itaingiliwa na maji, ungemuuliza yatapita njia gani.

Mwaka ule mvua ilinyesha kuliko kawaida, kama miaka miwili iliyotangulia. Kisha ikakatika, jua likawaka, watu wakaanika maharagi. Lakini mama aliona kitu. Sakafu yake haikukauka. Aliipaka Jumamosi, na Jumatano bado ilikuwa na unyevu, kama paji la uso la mtu mwenye homa. Alimwambia baba. Baba alikanyaga pale kwa kisigino, akasema labda samadi ilikuwa na maji mengi.

Muzee wakati huo alikuwa amelala. Ugonjwa ulimkuta shambani wakati wa mavuno, ukamwangusha upande mmoja, ukamfunga mkono wa kuume na ulimi. Tangu siku ile hakusema neno. Nyogokuru, ndivyo tunavyomwita bibi, kama babu anavyoitwa sogokuru, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza, alilala kando yake. Kazi yangu mimi ilikuwa ya mchana, nikitoka masomo: kukaa karibu na kitanda na tawi la mti, kufukuza nzi.

Alikufa mchana kama huo. Nyogokuru alikuwa ametoka kuanua nguo. Pumzi ya Muzee ikawa kama ya mtu anayepanda mlima, nikaogopa, nikamwita mama. Mama alikuja, akapiga magoti, akamshika miguu. Jicho moja la Muzee lilitoa chozi. Kisha pumzi ikaacha kupanda. Hakuna zaidi ya hapo. Naliandika hili vizuri, kwa sababu ya mambo yaliyofuata.

Kesho yake wanaume walianza kuchimba kaburi chini ya migomba, mahali ambapo Muzee alikuwa amepaonyesha mwenyewe. Nilipewa birika la chai niwapelekee. Nilipofika, shimo lilikuwa limewafika kiunoni, nao hawakuwa wanachimba. Walikuwa wanatazama. Chini, kati ya miguu yao, udongo ulikuwa unang'aa, na maji yalikuwa yanajikusanya taratibu, safi kabisa, bila sauti. Mmoja aliyachota kwa ndoo, akayamwaga, tukangoja. Yakarudi.

"Hii haiko maji ya mvua," alisema yule mchimbaji. "Mvua ilikatika zamani. Hii iko natoka chini."

Walichimba shimo la pili, hatua kumi mbali. Likafanya vilevile. Jua lilipoanza kushuka, na katekista amesimama na kitabu chake mkononi, baba mkubwa Faustin, kaka wa baba, aliamua Muzee azikwe juu kilimani, kwenye shamba lake yeye Faustin, karibu na barabara. Nyogokuru alikuwa amepanga kulala naye pale chini ya migomba, siku yake ikifika.

Kisha matanga yakaanza. Kwa ukoo wetu mjane hukaa siku saba ndani ya chumba alimofia mumewe, juu ya mkeka, mgongo ukutani, na watu huja kukaa naye. Hatoki mpaka siku zitimie. Siku ya pili mikeka ilikuwa imelowa upande wa chini. Mama alitandika majani makavu. Siku ya tatu aliyatoa yakiwa yanachuruzika, akaleta mengine. Kwenye kona ya chumba kulitokea kishimo kidogo, kama mahali mbuzi alipokanyaga, na ndani yake maji yalitulia meupe, yakitutazama. Choo cha nyuma kilijaa mpaka juu. Maharagi ya gunia la chini yalianza kuota ndani ya gunia. Na nje jua lilikuwa kali, mbingu tupu. Hilo ndilo lililotutisha sisi watoto: hakukuwa na kitu cha kuogopa. Hakuna ngurumo, hakuna mto, hakuna matope. Yalikuwa maji matulivu tu, yakipanda kidole kwa kidole.

Baba na baba mkubwa walichimba mfereji kuyaondoa. Mfereji ukajaa, ukasimama. Yangeteremkia wapi, na sisi ndio tulikuwa chini?

Siku ya nne nilimwona mama ameinama kwenye ukuta, pale nyuma ya mgongo wa nyogokuru. Matofali ya chini yalikuwa meusi kwa unyevu, na weusi huo ulikuwa umepanda mpaka kimo cha goti. Mama alibonyeza tofali kwa kidole. Kidole kikaingia, kama kwenye unga uliokandwa. Alikifuta kwenye kitenge chake haraka, akatazama kama kuna aliyemwona. Mimi tu.

Alimwambia baba nyogokuru atolewe, baba akamwambia kaka yake, na jibu likarudi. "Tumutoe mama katikati ya matanga, watu watasema tumefukuza kilio ya Muzee," baba mkubwa alisema. "Siku zimebaki tatu. Hii maji itashuka."

Mama alimwomba nyogokuru mwenyewe, kwa upole, akiwa amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa.

"Miye sitoki," alisema nyogokuru. "Nimekaa na yeye miaka yote. Sasa nimukimbie sababu ya maji?"

Siku ya tano, asubuhi, watu wa ukoo wakiwa wamejaa chumbani, mama alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Alisimama mbele ya wazee, akasema bila kuulizwa.

"Munisamehe. Kuna neno nilificha. Ile siku Muzee alituacha, alisema."

Baba mkubwa aliinua kichwa. "Muzee alikuwa hasemi tangu muvuno."

"Ile siku alisema. Alisema, maji ikiingia, mupandishe mama yenu pamoja na watoto kwa Faustin. Musingoje siku zitimie."

"Nani alisikia?"

"Miye," alisema mama. "Na Esperanse."

Watu wote waligeuka. Nilikuwa mlangoni na mdogo wangu mgongoni. Nyogokuru alinyoosha mkono, akasema, "Sogea." Nilisogea, na miguu yangu ilikuwa inazama kwenye majani. Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa sababu ya siku tano za kukaa pale.

"Ulisikia sogokuru yako anasema?"

Nilimtazama mama. Yeye hakunitazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa anautazama ukuta. Nilikuwa nasoma katekisimu mwaka ule, kwa ajili ya komunyo ya kwanza, na amri ya nane, ile ya kutosema uongo, niliijua kwa moyo. Nikakumbuka kile kidole kikiingia ndani ya tofali.

"Ndiyo," nilisema.

"Alisema nini?"

"Alisema tupande."

"Na sauti ya namna gani?"

Hilo sikulitarajia. Nilifikiri kidogo. "Ya polepole," nilisema.

Nyogokuru akasema, si kwangu tena, bali kwa watoto wake wote wawili: "Basi. Kama ni yeye amesema, munisimamishe."

Walimwinua, baba upande huu, kaka yake upande ule. Kanga yake ya matanga ilikuwa inadondosha maji. Tulipanda kilima wote, na mikeka, na sufuria, na maharagi yaliyoota, na baba akarudi kuung'oa mlango wa mbao akaubeba kichwani.

Kesho yake asubuhi tulisikia sauti kama ya gunia zito linaloshushwa. Tulikimbia mpaka ukingoni mwa shamba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekaa chini, wenyewe, bila upepo, na mabati yalikuwa yameufuata. Mahali pa mkeka hapakuonekana. Baba mkubwa alivua kofia yake. Tangu siku ile, mama akiingia mahali, alimtafutia kiti.

Maji yalikaa bondeni miezi mingi. Migomba ilioza imesimama. Baba alipata kazi Kibati, tukamfuata, kisha tukateremka Goma, na nyogokuru pamoja nasi. Huku tunakanyaga jiwe tupu, na maji ni ya kununua kwa bidoni, dumu kwa dumu. Jambo hilo lilimchekesha nyogokuru kwa kicheko chake kikavu. Alikufa nikiwa sekondari. Muhandisi mmoja wa maji, tuliyefanya naye kazi, alinieleza baadaye kwamba mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji huzama katika mawe ya volkano, husafiri chini kwa chini, na mahali pa chini kabisa ndipo hutokea. Nilimsikiliza kwa heshima. Mwaka juzi nilipita kule, maji yamekwisha kushuka zamani, nikakuta watu wamejenga tena, kwa sababu ya ule udongo mweusi. Niliwaambia. Wakaniuliza kwa adabu mto wenyewe uko wapi.

Lakini uongo wangu niliubeba. Nilipokwenda kuungama kabla ya komunyo, haukutoka kinywani. Niliungama wizi wa sukari, na mara iliyofuata sukari tena, mpaka padri akaniuliza nyumba yetu ina sukari kiasi gani. Nilikuwa nimemwekea marehemu maneno mdomoni. Nilikuwa nimemdanganya mjane katika matanga yake, naye akaniamini, akaacha siku mbili za mumewe kwa ajili ya neno langu. Nyogokuru aliponibariki akiwa kitandani, hapa Goma, niliona haya kuinua macho.

Mwaka jana tu ndipo nilimuuliza mama. Alikuwa anachagua maharagi kwenye sinia, sasa amezeeka na yeye.

"Mama, nyogokuru alituamini ile siku?"

Hakuacha kuchagua. "Ni yeye alikuwa namupanguza kinywa asubuhi na mangaribi," alisema. "Alikuwa nalala pembeni yake. Mwenye alijua kupita watu wote kama ile ulimi haiwezi kusema, ni nani?"

"Sasa aliniuliza ya nini?"

Mama alinitazama kama tunavyotazama mtoto aliyechelewa kuelewa, akarudi kwenye sinia yake.

Tangu hapo nimeyarudia yale maswali matatu mara nyingi. Nyogokuru alikuwa ameukalia ule unyevu siku tano. Ukuta aliuegemea mgongo wake mwenyewe, na alijua umelainika kabla ya kidole cha mama. Ila mbele ya ukoo asingeweza kuinuka kwa hofu yake, wala kwa ombi la mke wa mtoto. Angeinuka kwa neno la mumewe tu, na neno hilo lilihitaji shahidi. Angeweza kunifanya mwongo kwa swali moja. Badala yake aliniuliza sauti ilikuwa ya namna gani, akangoja niitafute, akaikubali. Miaka yote nilidhani nilimdanganya mwanamke mzee aliyenishika mkono. Kumbe alinishika ili apate kuinuka.