Isale Lililobaki Nje ya Lango

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wa Maji ya Chai, wa Sokon, na wewe wa Themi unayejijua, kaeni chini. Mimi ni bibi niliyeishia darasa la nne. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mlimani, lakini ninalotaka kusema limenyooka. Mmekasirika. Vizuri. Sikuja kuwaambia mpoe. Wanaowataka mpoe wako wengi, na wana vipaza sauti.

Ila nianze mbali kidogo, mwanangu, univumilie. Maji ya mlimani hayafiki shambani bila kuzunguka.

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Nilikuwa binti mdogo kwetu Machame, nalelewa na bibi mzaa baba. Shangazi yangu alikuwa amelala ndani, mguu umevunjika. Kijana wa jirani alikuwa akikata miti juu ya mteremko, akaliachia gogo bila kupiga ukelele wa kuonya watu, likamkuta shangazi njiani na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Yule kijana aliona. Akatupa shoka, akakimbilia Moshi mjini.

Basi asubuhi moja wakaja baba zake wadogo na isale. Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu Wachaga, mtu akikukosea, akaja kwako na isale mkononi, humkatai. Ukishalipokea, neno limekwisha. Hata mje mgombane uzeeni, lile hulitaji tena. Ni zito kuliko kiapo. Na huku Meru nilikoolewa sijaona anayelichezea.

Mimi nikaona wageni wenye heshima zao, nikaona na kibuyu cha pombe ya mbege nyuma yao, nikakimbia kulipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundwa vizuri. Bibi akanipiga kofi la mikononi, isale likaanguka mavumbini. Sikuwa nimewahi kuona isale chini. Wale wanaume wakashika midomo.

"Nani amelichuma?" bibi akauliza.

"Tumelichuma sisi, mama."

"Gogo mliliachia ninyi?"

Wakatazamana.

"Basi rudini nalo. Jani halina miguu. Liletwe na mkono uliokosa." Halafu akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Na wewe! Mguu uliovunjika ni wako? Unapokea kwa niaba ya nani?"

Wakaondoka wakinung'unika kwamba huyu bibi atalaaniwa. Hakulaaniwa. Mahindi yalipokuwa yamekwisha kuvunwa, yule kijana alikuja peke yake, jani mkononi. Bibi akampisha apite mpaka kwa shangazi, akarudishia mlango. Waliyosema humo siyajui hadi leo. Najua tu kwamba shangazi alitoka akichechemea, isale liko mkononi mwake, na miaka yote iliyofuata sikumsikia akilitaja lile gogo. Hata alipochelewa njiani kwa sababu ya ule mguu, hakulitaja.

Sasa nije kwetu. Mnayajua, maana mliyapiga picha.

Zilikuja zile mbio za watu wa mjini, barabara kuu ikajaa bendera na maji ya chupa. Mkamwana wangu Anande, mke wa mwanangu Elirehema, alikuwa kando ya lami na beseni lake la maparachichi, pale pale anapokaa siku zote. Pikapu ya waandaaji, ikiendeshwa na kijana mwenye fulana ya njano, ikatoka barabarani ili iwapite wakimbiaji, ikamzoa Anande na beseni lake. Haikungoja. Nyonga imevunjika. Daktari anasema atatembea, lakini kubeba mzigo kichwani basi tena. Mwanamke aliyesomesha watoto kwa kichwa chake, leo anaambiwa kichwa kipumzike.

Mkawaka. Mkaburuta mawe na migomba mpaka barabarani, mabasi yakasimama, mkataka kuchoma turubai la watu wa mbio. Kijana akapatikana, akahojiwa, akatoka kwa dhamana, akaenda kutulia kwa shangazi yake Themi. Kwetu hajakanyaga.

Wakaja wengine kwa niaba yake. Ilikuwa saa za chai ya asubuhi. Mbele baba yake mdogo, ameshika isale limefungwa fundo. Nyuma yake mzee wa kanisa letu, mtu mwema, simsemi vibaya. Na wa tatu mtu wa kamati ya mbio, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kama anakwenda kuwinda. Kabla hata hawajafika langoni, Sifa wa bodaboda na wenzake wakawa wameshalaza pikipiki nyuma ya gari lao.

"Koko!" Sifa akaniita. Ndivyo mnavyoniita bibi yenu. "Tuachie hawa tuwanyooshe kidogo tu."

"Nyoosha kwanza shati lako," nikamwambia. "Shikamoo umeiacha wapi?"

Wenzake wakamcheka. "Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Kaa kwenye jiwe hilo. Na usiliokote."

Mtu wa kamati akaanza. Akanipa shikamoo ndefu, akasema maneno mengi laini. Kwamba yule kijana ni volantia.

"Hilo ni kabila la wapi?"

"Hapana, bibi. Yaani anajitolea. Halipwi hata senti."

"Na Anande analipwa kugongwa?"

Akajikohoza. Akasema kijana hakujua kama kagonga mtu, alidhani amekanyaga beseni. Na tena, akaongeza, tuelewe hali ilivyokuwa, wananchi walikuwa na hasira, kijana aliogopa kuuawa, ndiyo maana hakusimama.

Nikamtazama. Nikamwomba aseme tena, akasema tena, vile vile.

"Baba," nikamwambia, "chagua moja. Kama alidhani ni beseni, alimwogopa nani?"

Hapo hata mzee wa kanisa aliinamisha kichwa. Sifa akapiga mluzi kule kwenye jiwe.

Baba mdogo wa kijana hakusema uongo wowote, nampa haki yake. Alinyoosha tu isale. "Mama, tumekuja kama watu wa mila. Lipokee, tuyamalize nyumbani, tukawaambie na polisi kwamba tumeyamaliza."

Mwanangu Elirehema akanisogelea sikioni. Alikuwa amekonda. "Mama, pokea tu. Nimechoka. Kukicha hospitali, kukichwa maneno ya watu."

Mwanangu unayesoma, nilimhurumia. Uchovu wa mtu aliyeonewa ndio mlango wanaoupitia wakubwa siku zote. Hawakushindi kwa hoja. Wanangoja uchoke.

"Nani amelichuma?" nikauliza.

Yule baba mdogo akashangaa. "Mimi, mama. Mpakani kwangu."

"Pikapu uliendesha wewe?"

"Hapana."

"Basi siwezi kulipokea."

"Mama!" mzee wa kanisa akaruka. "Isale halikataliwi. Utajiletea mkosi kwenye ukoo."

"Sijalikataa. Limekuja bila mwenyewe. Mkosi ni kulitumia isale kama tambara la kufutia barabara."

Nikaendelea. Ulimi ulikuwa umeshapata moto, nikasema sisi familia hatutaki hiki, sisi familia tunataka kile, mara nikasikia sauti kutoka dirishani. Anande alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa apate hewa.

"Mama," akasema. "Mbona mnagombea nyonga yangu na hakuna aliyeniuliza mimi?"

Nikalisikia lile kofi la bibi mikononi mwangu, kama vile ni jana. Mguu uliovunjika ni wako?

"Sema, mama," nikamwambia.

"Mimi niliona taa," Anande akasema. Hakuinua sauti, ilibidi hata vijana wasogee. "Nikiwa chini, maparachichi yananipita, niliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka. Alikanyaga breki. Nikasema, asante Mungu, anarudi. Halafu zikazimika, akaenda. Gari linaweza kumshinda mtu, hilo nalisamehe hata leo. Lakini pale taa zilipowaka, alinitazama kwenye kioo, akapiga hesabu, akaona naweza kuachwa. Hilo nataka aniambie mwenyewe. Akishaniambia, isale nitalipokea mimi."

Baba mdogo alikuwa na machozi. Akabaki na jani lake mkononi, hajui pa kulipeleka, maana isale huwezi kulirudisha nyumbani kama mwavuli.

"Lichomeke hapo," nikamwambia. "Nje ya lango."

Akalichomeka ardhini, nje, hatua moja kutoka kwenye nguzo. Wakaondoka. Sifa aliwatolea pikipiki, kwa shingo upande.

Jioni alinirudia, amefura. "Koko, umewaachia waende hivi hivi? Sisi tulikuwa tayari."

"Tayari kwa lipi?"

"Kwa lolote!"

"Ndiyo shida yenu. Yule mwenye kizibao alikuwa na kinga moja tu, na mliompa ni ninyi. Amesema kijana alikimbia kwa kuwaogopa. Ni uongo, lakini ukiuona huo ukuta wa mawe barabarani, unafanana na kweli. Mmemkopesha mwoga sababu."

Akachemka. "Kwa hiyo tukae kimya?"

"Nani kasema kimya? Kesi itasikilizwa. Siku hiyo mwende wote, mkae, mjaze mabenchi. Mvae mashati yaliyonyooshwa. Msirushe hata neno. Watu wasiorusha kitu na hawaondoki, hao ndio wanaotisha."

Akajitazama shati lake. "Shati la kupiga pasi, Koko? Kwa hiyo umeme ukikatika hakuna haki?"

"Pasi ya mkaa ipo. Njoo uchukue."

Amekuja kuichukua. Mmoja mmoja wanaiazima, mnaona wenyewe inavyozunguka nyumba hadi nyumba.

Wanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Msimruhusu mtu awaite wabaya kwa sababu mmekasirika. Mtu akigongwa akaachwa kama mbwa, na kijiji kikapika chakula kikalala, hicho kijiji kimeshakufa, kinangoja kuzikwa tu. Hasira ni moto wa jikoni. Mnaambiwa hasira hasara, nami nasema hasara ni kuuwasha kwenye paa. Uwekeni kati ya mafiga matatu, muuchochee taratibu, na msiuzime mpaka chakula kiive. Mkiletewa mchele na maneno matamu, pokeeni salamu, mwulizeni mwenyewe yuko wapi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na mtakaposimama upande wa aliyeumia, msimzibe mdomo kwa makelele yenu ya kumtetea. Hata mimi mzee nusura nimzibe.

Na wewe wa Themi. Najua unasoma simu usiku na mchana, na haya watakusomea. Sikuchukii. Ulijitolea kugawa maji kwa watu waliokuwa na kiu, hilo ni jema, halifutiki. Lakini jema la asubuhi halilipi la mchana. Mguu wako ulikanyaga breki, mjukuu wangu. Mguu wako unajua njia sahihi, ni kichwa kilichoukataza. Usikilize mguu. Kutoka stendi ya Maji ya Chai kwetu ni mwendo mfupi, na kila mtu atakuelekeza.

Mungu awape vijana wangu wote kifua cha kubeba hasira bila kuimwaga, macho ya kumwona aliye chini, na miguu ya kurudi. Awajalie wake na waume wasiowaacha barabarani. Mzeeke mkiwa na la kusimulia bila kuinamisha uso. Amina.

Lile isale lipo. Limeshika, limetoa na jani jipya, ingawa hakuna aliyelipanda kwa nia ya kulipanda. Juzi mjukuu alikuwa analimwagia maji, mwingine akataka kuling'oa alitupe mtoni. Nikawaita wote uani, na Elirehema nikamwita, na Sifa aliyekuwa anapita na pasi mkononi nikamwita, Anande anasikia dirishani. Nikawaambia:

"Lango hili kuanzia leo halifungwi mchana. Isale lile mtu asilimwagie maji, na mtu asiling'oe. Akija yule kijana, asiguswe, asitukanwe, hata kumkodolea macho sitaki. Mwacheni aling'oe mwenyewe kwa mkono wake, avuke nalo lango, na mmwonyeshe chumba cha Anande. Halafu tokeni nje wote, na mimi nikiwemo."