Barua kwa Jirani wa Juu

Mahrokh alikuwa mkunga kule Shiraz, na watoto aliowapokea hawana idadi. Hapa Toronto alikuwa akifungasha biskuti za mchele katika duka la Wairani wenzake, akisubiri kufaulu mtihani wa Kiingereza ili arudi kwenye ukunga. Sehemu ya kuandika ilikuwa imemwangusha mara mbili. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Akikosa, ukunga basi tena.

"Utapewa mada mbili," mwalimu wake, Lorna, alimwonya. "Usichague inayokugusa moyo. Chagua ile unayoiwezea maneno."

"Nimesikia, mwalimu."

Kusikia alisikia. Lakini mada zilipotokea kwenye kompyuta, moja ilihusu msongamano wa magari, ya pili ilimtaka amwandikie jirani kulalamikia kelele. Jamani, nani angeikataa? Kijana wa ghorofa ya juu alikuwa akimpigia ngoma kichwani mwaka mzima. Mahrokh akairukia.

Hapo ndipo alipojiponza. Kwao mtu haanzi na lawama, hata kwa aliyemvunjia mlango. Akamjulia hali jirani, akawaulizia wazazi wake. Akaomba radhi kwa kumsumbua. Akamwambia nyumba ni yake, aje wanywe chai. Akayasifu hata mapenzi yake ya muziki! Maneno yalimtiririka, akawa anatabasamu peke yake. Alipozifikia kelele zenyewe, muda ukaisha. Magari angeyasema bila haya. Magari hayana mama wa kujuliwa hali.

Matokeo yalipotoka, mumewe Kiumars alimtolea macho.

"Wewe nawe! Umeambiwa ulalamike, unakaribisha mtu chai?"

"Ningemgombezaje mtu sijamsalimia?"

"Mtu gani? Hayupo huyo mtu, Mahrokh!"

Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, kwa sababu ni yeye aliyechagua.

Kesho yake asubuhi mama yake alipiga simu kutoka Shiraz.

"Mwanangu, umeshaanza kazi hospitali? Huku nimemtangazia kila mtu kwamba binti yangu anazalisha Wakanada."

Mahrokh aliketi kitandani. Alitaka kusema wazi: nimeanguka, mama, sitapokea mtoto tena. Badala yake akamuuliza miguu inaendeleaje, na sukari, na dada zake. Mama akajibu yote, kisha akauliza tena.

"Nimeanza, mama," alisema. "Jana nimezalisha mapacha."