Zamu ya Farasi Wetu

Mwezi ule zamu ya mchezo ilikuwa yangu. Wanawake kumi wa saluni za Point, hapa Durban, tunachangishana pesa kila mwezi, na mmoja anabeba zote. Zangu zilikuwa tiketi ya ndege kwenda Tanga kumwona mama. Miaka sita sijamwona.

Ndipo akaja shemeji, mume wa Mkongomani ninayesuka naye. Kazi yake ni kusugua farasi wa mbio na kuzoa mavi yao. Alisema inakuja mbio kubwa, na sehemu ya zawadi inatokana na ada za wenye farasi wenyewe. Bosi wake alikuwa na farasi mzee ambaye amegoma kumlipia ada hiyo. Tukimlipia sisi, farasi akipata kitu ni chetu.

"Shemeji, ni likelemba tu," akaniambia. "Bapatron bote banatia franga mu sac moya. Na siye tutie."

Likelemba ndiyo mchezo kwao, na mabosi wote wanatia pesa mfuko mmoja. Nikaelewa vizuri mno: ukishachangia, zamu yako itafika tu, na tusipokula mbio hii tutakula ijayo. Nikatoa zote. Mtu mzima, nywele za watu nasuka, akili sina.

Siku ya mbio nilivaa gauni la harusi. Farasi wetu alitoka kwa mbwembwe, akakimbia kidogo, kisha akapunguza mwendo kama anayekwenda kununua nyanya. Alipofika, wenzake walishaanza kuogeshwa.

Sikuhuzunika hata kidogo. Nilikwenda dirishani kwa karani, nikamwuliza kwa adabu zamu ya farasi wetu ni lini.

Dada yule wa Kizulu alicheka mpaka akavua miwani. "Eish, sisi!" akaniita, yaani dada kwa kwao. Akanieleza kwamba wanaotangulia ndio wanaobeba, sisi wengine tumewachangia tu. Hakuna zamu, hakuna kurudishiwa.

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtukana kwa Kiswahili cha Tanga, kilipoisha nikaendelea na cha kwao. Halafu nikajifungia chooni nikalia. Nilimtaka mama yangu, basi.

Jioni nilimpigia, nikamweleza yote bila kujitetea.

"Farasi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi mashuka ya kitanda chako nimeshayafua."