Cucu na Modemu Iliyolia

Enzi zetu pale mtaani Skuta, Nyeri, nyumba yenye simu ilijulikana mtaa mzima, na simu yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha mgeni. Wenzangu mnakumbuka. Lakini ni nani kati yenu aliyewahi kukatazwa kukohoa kwa sababu baba yake anaingia kwenye intaneti?

Sisi tulikatazwa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na dada yangu mkubwa, Wangechi, alikuwa ameenda Amerika kusomea muziki. Baba, aliyekuwa na duka la dawa za mifugo mjini Nyeri, alitaka awe daktari wa ng'ombe. Walizozana mpaka asubuhi ya safari. Baba akakataa kumsindikiza uwanja wa ndege, akaenda kufungua duka kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

Muda mrefu ukapita bila habari. Kisha binamu yetu wa Nairobi akamfungulia Baba anwani ya barua pepe, akamtumia Wangechi anwani hiyo, akatuambia barua zimeanza kuingia. Siku chache baadaye Baba alirudi nyumbani na kompyuta kuukuu, imefungwa kwa blanketi juu ya mkokoteni, na yeye mwenyewe akiishikilia kama mgonjwa.

Kila jioni baada ya chai, Baba alivaa tai, akaketi mbele ya ile mashine na kubonyeza. Modemu, kile kisanduku kilichopitisha intaneti kwenye waya wa simu, ilianza kwa mluzi, ikakoroma, kisha ikapiga mayowe kama mtoto anayeogeshwa kwa maji baridi mwezi wa Julai. Tulisimama nyuma yake, tumeshika pumzi. Halafu, ghafla, kimya. Laini imekatika.

Baba akamwita fundi wa redio kutoka Karatina. Fundi aliinusa kompyuta, akaigonga mgongoni, akasema imeshikwa na baridi. Mama akaifunga shali yake ya kanisani. Haikusaidia. Fundi akarudi, akasema tatizo ni Mlima Kenya, umeipa mashine mgongo. Tukageuza meza ielekee Nairobi, ikawa lazima tupite chini yake kwenda jikoni. Mlima nao ukakataa kushirikiana. Ndipo fundi akapiga marufuku kuchemsha maji, kufagia na kukohoa. Jirani alipokuja kuomba chumvi, alikuta familia nzima imenyamaza mbele ya kompyuta iliyovaa shali. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akadhani tuko kwenye maombi.

Siku moja modemu ikiwa katikati ya mayowe, Mama alinituma chumbani kwa Cucu kuchukua miwani. Cucu, mama yake Baba, alihamia kwetu kutoka Kiriaini miguu ilipoanza kumsumbua, na Baba alikuwa amemwekea simu ya pili kando ya kitanda, kwa waya uleule wa sebuleni. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono wa simu sikioni, akiongea kwa upole.

"Nyamaza, mtoto wangu. Nyamaza. Niambie ni nani amekuchapa."

Nilipomweleza Baba, alikimbia chumbani na tai yake. Cucu hakuona kosa. Alieleza kwamba kila jioni kuna mtoto analia ndani ya simu, na watu wazima wa nyumba hii wanasimama tu wanasikiliza. Yeye huinua simu, humbembeleza, na mtoto hunyamaza. Alikuwa anangoja ashukuriwe.

Baba aliketi kitandani. Akamwomba kwamba siku nyingine aiache mashine ilie mpaka imalize, kwa sababu ikimaliza ndipo Wangechi ataongea.

Cucu akamgeukia mwanawe.

"Ndirangu," akasema, "wewe ni mtu wa kuacha mtoto arie. Huyo Wangechi uriacha aende akiria."

Hakuna aliyekohoa, na safari hii si kwa amri ya fundi.

Baba alimshika Cucu mkono, akamleta sebuleni tukimpitisha chini ya meza, akamkalisha karibu na kompyuta. Akabonyeza. Modemu ikalia. Cucu akaweka kiganja juu yake, midomo ikimchezacheza, lakini hakusema kitu. Ikalia mpaka ikatulia yenyewe, na barua zikaingia moja baada ya nyingine. Mama alizisoma kwa sauti. Wangechi alikuwa anaimba kwenye kwaya, alikuwa anakula viazi visivyo na ladha. Ya mwisho ilikuwa fupi: "Baba, kama bado umekasirika niambie, lakini usininyamazie."

Baba akaanza kuandika jibu kama anavyowaandikia wateja: kuhusu mada tajwa hapo juu. Cucu akamwambia afute, aandike pole. Akafuta. Akaitafuta herufi ya P kwa kidole kimoja, polepole, kwenye vitufe vyote, na sisi tuliokuwa tunaiona hatukuthubutu kumwonyesha.

Siku hizi intaneti haitoi hata mlio. Ikikatika kidogo tu, watoto wangu wanajitupa kwenye kochi kama mayatima. Jana Wangechi alinitumia picha ya theluji mlangoni kwake. Nikamjibu kwa kile kidole gumba cha manjano, nikaendelea kukata sukuma wiki.