Chupa Isiyotoka Barolo

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu.

Ilikuwa mwaka 2017, nikihudumu kwenye mkahawa wa Kiitaliano kule Sandton, Johannesburg. Kwa umri sikuwa binti tena, ila kazini nilikuwa mchanga, tena mwenye haraka. Mchana huo aliingia bibi mmoja Mwitaliano na wanawe na wajukuu. Alikuwa ametimiza miaka themanini. Akaagiza Barolo.

Barolo ni mvinyo mwekundu wa vilima vichache tu kaskazini mwa Italia. Sheria yao inalilinda jina hilo: zabibu ziwe za aina moja, ziwe zimeota pale pale, mvinyo ulazwe zaidi ya miaka mitatu, na shingoni mwa chupa pabandikwe karatasi ya serikali yenye namba. Hayo nilifundishwa yote. Lakini stoo nilikuta Barolo imekwisha. Ulikuwepo mvinyo wa hapa hapa Afrika Kusini, wa zabibu za aina ile ile. Nani atajua? Nikaumimina kwenye jagi la kioo, nikaupeleka.

Bibi akaonja, akafumba macho. "Mtamu! Niletee chupa niione. Nimezaliwa kwenye vilima vya Barolo."

Eish! Nilirudi jikoni mbio. Papa Selestini, mzee wa Lubumbashi aliyesimamia stoo, alikuwa ameshika ile chupa tupu.

"Binti yangu, wakulima wa kule umewaibia jina, na wa hapa umewanyima sifa yao. Nenda ukaseme."

"Papa, watanifukuza."

"Basi wakufukuze ukiwa umesema kweli."

Nikaichukua ile chupa, nikaenda nikaiweka mezani. "Bibi, nisamehe. Huu si Barolo. Ni wa hapa, nimekudanganya."

Mwanawe mmoja akainuka kumwita meneja. Bibi akamvuta mkono, akaisoma lebo polepole, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba yangu alilima zabibu hizi! Miaka hamsini niko Johannesburg, na hakuna aliyeniambia kwamba zinaota nchi hii!"

Akaagiza chupa nyingine, kwa jina lake halisi mara hii, na meza nzima ikapiga makofi. Meneja aliposikia, alinipa onyo la maandishi. Nililistahili, nikalitia sahihi huku natabasamu kama mwehu.

"Na wewe unatoka wapi?" bibi akaniuliza wakati wa kuondoka. Mimi niliyezoea kuwaambia wateja kwamba natoka Nairobi, nilijibu kwa sauti mpaka meza za jirani zikageuka: "Bukavu!"

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usikipe kitu jina la mahali kisikotoka, hata kama mnunuzi hawezi kutambua. Wapo watu wametoka jasho kulijenga jina hilo. Na ukishakosea, rudi mwenyewe ukaseme kabla hujaitwa. Mungu akupe ujasiri huo, akuwekee njiani watu wenye moyo wa kusamehe, na kazi ya mikono yako ipendwe kwa jina lako mwenyewe.