Mjomba na Taa ya Kijani

Mjomba hajawahi kukiona kitu kizima akakiacha kipumzike. Jana waifai ilikuwa haina hata kikohozi, lakini simu yake ilipomwomba asasishe programu ya ruta, akabonyeza kwa moyo mkunjufu. Leo vile visanduku viwili vya kusambaza mtandao vimemkana mama yao, ile ruta, vinawaka taa nyekundu, na mpwa wake ana usaili wa kazi kwa video chumbani kwake, mwisho wa korido. Basi bingwa yuko kazini. Anachomoa, anapuliza tundu, anafuta kwa pindo la fulana, anachomeka, kisha anarudi nyuma kidogo kama mpiga picha wa harusi. "Kinawaza," anasema. Kila mara kinawaza. "Mjomba, uligusa nini?" mpwa anauliza. "Mimi? Nimeiboresha tu, mama."

Usaili ulipoanza, picha iliganda, mpwa akahisi kazi inampotea hivihivi. Halafu ikatulia, ikabaki safi mpaka mwisho. Alipofungua mlango alimkuta Mjomba kwenye korido, waya wa umeme umemfuata kutoka jikoni, kisanduku amekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, mahali pekee ambapo taa ilikubali kuwa ya kijani. Yeye asiyenyamaza hata akiwa anatafuna, alikuwa ameubana mdomo muda wote huo.

"Wamenichukua, Mjomba!"

Akakishusha polepole, akakipuliza vumbi.

"Si nilikwambia? Hii programu mpya ni kiboko."