Siku Niliyowamwagia Maji Wayahudi wa Ruhuwiko

Jamani, kuna aibu ukishaipata huwezi hata kumsingizia shetani, maana unajua kabisa ni kiherehere chako mwenyewe, na hii ya kwangu kila nikiikumbuka nafunika uso kwa mikono hata kama niko peke yangu chumbani.

Tulikuwa tumepanga nyumba moja Ruhuwiko, huku Songea, wanafunzi watupu, mimi na mwenzangu Haule chumba cha kwanza, na Ezra chumba cha mwisho karibu na pipa la maji. Ezra alitoka Arusha na ni Myahudi (mimi mtoto wa Peramiho, nimelelewa na kengele za abasia ya mapadri wa Kikatoliki, Wayahudi nilijua wako kwenye Biblia tu, sasa huyu anaanika soksi kamba moja na mimi). Pale chuoni walikuwa wanne wa dini hiyo, na kila Ijumaa jioni walikusanyika kwake wamevaa mashati meupe, wanaimba lugha nisiyoielewa hata chembe, na mimi ghafla nikawa mtu wa kuchota maji sana siku za Ijumaa. Kwenye ule mlango uliorudishwa nusu niliona mishumaa miwili, kitambaa kimefunika kitu kimevimba katikati ya meza, na watu wamesimama. Roho iliniwasha kutaka kujua, lakini kumuuliza niliona haya, nikasema atanicheka.

Ijumaa moja mchana Ezra akaja amenyong'onyea. "Komba ndugu yangu, mama yangu anaingia leo. Anasema huku niko peke yangu, nitapotea. Akiona sikai vizuri, ananihamishia Arusha."

Iliniuma, kwa sababu Ezra ndiye aliyekaa na mimi hospitali nilipougua malaria, na nilishamhesabu ndugu. Jioni nikapita na ndoo yangu kama kawaida, nikachungulia. Mishumaa ipo, kile kitu kimefunikwa kitambaa kipo, na safari hii mama mwenyewe amekaa mezani na kilemba kizuri. Nikajijibu mwenyewe: mama hatoki Arusha mpaka Songea bure, leo ni bethdei ya Ezra, ile pale ni keki, na amenyamaza kwa sababu anaogopa tutamfanyia ile kitu yetu. (Ile kitu yetu mnaijua, mtu siku yake ya bethdei anamwagiwa maji, ukiachwa mkavu ujue hawakupendi.) Nikamwambia Haule, "Tukimmwagia mbele ya mama yake, mama ataona mwanawe ana watu." Haule hajawahi kukataa ujinga hata siku moja, akaenda kujaza ndoo ya pili.

Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Songea mwezi wa sita haina utani, maji ya lile pipa yalikuwa yanauma vidole. Tukanyata. Haule akapenyeza mkono akazima taa, maana ndivyo inavyofanywa, nami nikasukuma mlango, nikamwona Ezra kwa mwanga wa mishumaa ameinamisha kichwa, nikamwaga ndoo nzima huku naimba ule wimbo wa bethdei, na Haule akamalizia na yake.

Mishumaa ikazimika, giza likawa totoro. Nikaimba peke yangu mistari miwili zaidi, nikaona hakuna anayepokea. Nikasikia meno ya mtu yanagongana, na hayakuwa ya Ezra. Hapo ndipo adabu ilinirudia. "Shikamoo mama," nikasema, ndoo mkononi.

"Marahaba," sauti ikajibu taratibu kutoka gizani.

Nikapapasa kiberiti mfukoni niwawashie mishumaa. "Acha, Komba," Ezra akasema. "Ikishazimika usiku wa Sabato, basi."

"Si muwashe taa, sasa?"

"Ijumaa jua likishazama Sabato imeingia, hatugusi moto wala swichi. Tuliiacha inawaka tangu mchana. Na siwezi kukutuma wewe uwashe."

Nikabaki nimesimama natafakari, kwamba yeye hagusi na mimi hanitumi, sasa nani? Haule, ambaye darasani hunakili kwangu, ndiye aliyeelewa upesi, akabonyeza swichi bila kuambiwa. Natamani angechelewa. Mama alikuwa amesimama, kiganja bado kiko juu ya kichwa cha mwanawe (kumbe mzazi humbariki mtoto wake hivyo kila Ijumaa), kilemba kimelala shingoni, maji yanachuruzika kwenye kiwiko. Wale wenzake Ezra watatu wamekumbatia sahani za wali zisilowe zaidi. Na keki yangu ilikuwa mikate miwili iliyosukwa vizuri kama nywele za bibi harusi, sasa imekuwa uji.

Nikajua nimemfukuzisha Ezra chuo kwa mikono yangu.

Mama akaniuliza, "Wewe kijana, huku kwenu anayemwagiwa maji amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Anamwagiwa anayependwa. Nilidhani amezaliwa leo. Nachungulia kila Ijumaa, sikuwahi kuuliza." Machozi yalikuwa karibu kabisa, na sioni haya kusema hivyo.

Mama akakirudisha kilemba kichwani kikichuruzika vile vile, akamtazama Ezra. "Njia nzima nimekuja na maneno ya kukwambia ufungashe, kwamba huku uko peke yako." Akavuta kiti kilicholowa, akakaa. "Mtu aliye peke yake hamwagiwi maji. Kaeni, nyie wawili, mle kabla wali haujageuka supu."

Tukala tunatetemeka wote. Ezra hakuhamishwa, ila mimi niliapa kwamba nikitaka kujua la mtu nitagonga mlango nimuulize, hata kama swali ni la kijinga namna gani. Sasa nauliza mno, mpaka Ezra ananiomba angalau Ijumaa nile kwanza.